Sikio la mtoto linatoa usaha wiki ya tatu: atapoteza usikivu?

Swali: Mwanangu ana miaka 2. Alipata mafua makali, kisha sikio la kulia likaanza kutoa usaha. Duka la dawa walinipa amoksilini. Alikunywa siku tatu, usaha ukapungua, nikaacha. Sasa ni wiki ya tatu na umerudi. Je, atakuwa kiziwi? Mama, Mbagala.

Jibu: Pole sana, mama. Uziwi bado unaweza kuzuilika, ila usingoje zaidi.

Kwa mtoto, mrija unaotoka nyuma ya pua kwenda sikioni ni mfupi na umelala, hivyo vijidudu vya mafua hupita kirahisi. Usaha ukijaa hupasua ngoma ya sikio. Katika siku za mwanzo amoksilini husaidia, lakini kwa siku 5 kamili, hata kama usaha umekauka siku ya pili. Ukivuka siku 14, dawa ya kunywa haifiki vya kutosha. Hapo inahitajika dawa ya matone ya siprofloksasini, mara 3 kwa siku kwa wiki 2. Mpeleke zahanati wamtazame sikio kwanza. Usikubali matone ya jentamisini: ngoma ikiwa imetoboka, dawa hiyo inaweza kuharibu usikivu wenyewe.

Wengi hukosea kwenye kukausha. Matone yakidondoka juu ya usaha hutoka nao. Sokota kona ya kitambaa safi cha pamba iwe utambi, ingiza taratibu, acha ulowe, utoe, weka mwingine, mpaka utoke mkavu. Ndipo udondoshe matone, kisha bonyeza mara kadhaa kile kinundu kilicho mbele ya tundu ili dawa ipenye ndani. Usitumie njiti za pamba, wala usiache pamba humo. Mafuta ya nazi, maziwa ya mama, maji ya majani: hapana. Maji ya kuoga yasiingie, na baharini asiende kwanza.

Akivimba nyuma ya sikio, akipata homa kali, shingo kukakamaa au uso kupinda, mwahi hospitali siku hiyohiyo, Temeke au Muhimbili.

Usaha ukikauka, muombee kipimo cha usikivu, kwa sababu ndio umri wa kujifunza kusema. Nyumbani, mwite kwa sauti ya chini ukiwa nyuma yake, asikuone. Angalia pia kadi ya kliniki kama alimaliza chanjo ya nimokoka, bakteria wanaoleta nimonia na maambukizi ya sikio (wiki ya 6, 10 na 14), na ya surua-rubela (miezi 9 na 18). Jiko la mkaa lihamie nje, moshi wake usimfikie mtoto.