Kabla Hujawafundisha, Pima Mvua Yao

Wiki iliyopita dada mmoja wa Njombe aliniandikia. Amepata kazi kwenye mradi wa mabadiliko ya tabianchi, amepewa vijiji vitatu, anauliza aanzie wapi. Nilimjibu mistari miwili tu, halafu usingizi ukanipaa. Swali lake ndilo nililopaswa kuuliza mimi nilipotumwa Ismani, na sikuuliza.

Mimi ni mtoto wa Uyole, Mbeya. Kwetu mvua haina mchezo. Ismani iko Iringa, Nyanda za Juu Kusini hizi hizi, lakini ni tambarare yenye joto na ukame. Msimu ni mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili, na mvua ikikata Februari wakati mahindi yanatoa mbelewele, mwaka huo umeshakwenda. Wazee bado wanasimulia enzi Ismani inalisha miji kwa mahindi. Nilifika na projekta, jenereta na mada kumi na mbili. Nikawahimiza wapande mapema, mvua ya kwanza isiwapite. Wakanisikiliza. Ikanyesha siku mbili, ikakata wiki tatu.

Mama mmoja akaniita shambani kwake. Alichutama, akafukua kwa ncha ya jembe pale mche ulipokaukia. Mizizi ilikuwa imeshuka vidole vinne, ikakunja. Chini yake udongo ulikuwa mkavu, haujawahi kuguswa na tone.

“Mwanangu,” akaniambia, “siku ile unatuambia tupande, uliangalia maji yamefika wapi?”

Sikuwa na jibu. Mbegu ile, kilo nane za ekari moja, aliinunua kwa mkopo wa kikoba. Deni alilipa yeye, ushauri ulikuwa wangu. Sijalisahau mpaka leo.

Msimu uliofuata projekta ilibaki mjini. Tulichukua makopo ya maziwa, yale yaliyonyooka kutoka mdomo hadi kitako, tukayafunga juu ya nguzo mbali na miti na mapaa. Kila asubuhi saa moja mwenye kopo anatumbukiza rula, anaandika, anamwaga. Milimita moja ni lita moja ya maji kwenye kila mita moja ya mraba. Tulimwaga lita hiyo kwenye udongo mkavu kila mtu aone inavyopotea. Tulianza kaya saba, sasa ni ishirini na tatu. Mwezi wa kwanza tu tuligundua kwamba upande wa shule unaweza kupata milimita 18 na upande wa korongo usipate kitu, siku hiyo hiyo, kijiji hicho hicho. Mafunzo yangu yote hayakuwa na habari hiyo.

Kisha vikaja vishamba vya hatua kumi kwa kumi: mtama, mahindi ya muda mfupi, mahindi na kunde. Kimoja kinapandwa na mvua ya kwanza, kingine kinangoja unyevu ufike shibiri moja chini. Wenyewe walichagua shibiri, kwa sababu kila mtu anatembea nayo mkononi. Shamba darasa, yaani wakulima kujifunza shambani kwa kujaribu wenyewe, lilivyoanza Indonesia mwaka 1989 kwenye mpunga, wakulima walihesabu wadudu wa mashamba yao na kuamua wenyewe. Sisi tumelifanya darasa la kukaa na kupiga makofi, posho ikiisha na darasa limeisha. Tuache hiyo tabia.

Utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, tunausoma pamoja ukitoka, Oktoba, daftari likiwa mezani. Ukisema “juu ya wastani”, sasa kijiji kina wastani wake wa kulinganisha.

Niseme na linaloniuma. Wataalamu wa ofisi moja walikuja, wakapiga picha daftari lote, wakanywa chai, wakaondoka. Baadaye namba zile nikaziona ukutani kwenye mkutano, kijiji hakikutajwa hata mara moja. Mama yule alikuwa ameziandika akiwa na homa ya malaria. Kwa hiyo dada yangu, daftari libaki kijijini, na anayetaka kunakili aombe kikundi, aandike jina la kijiji. Usikubali vinginevyo hata kama mkubwa wako anakusukuma.

Na usianze na somo. Anza na kopo, rula, daftari na msimu mzima wa kusikiliza. Mradi utakudai ripoti ya miezi mitatu. Wape ya mvua. Watu waliokosa chakula kwa sababu ya ushauri wa mgeni hawadai maneno mapya. Wanadai uiname na wewe uangalie udongo.

Desemba iliyopita nilikuwa nyumbani Mbeya, simu ikalia asubuhi. Ujumbe wa kitochi, kutoka kwa mama yule: “Kamwene mwanangu. Jana 9 leo 22. Maji yamefika shibiri. Tunapanda.”