Usihesabu abiria kwa COUNT_RECURSIVE

Futa huo mstari sasa hivi, kabla hujalala. Umeuliza kama, katika lugha ya programu ya PHP, count($safari, COUNT_RECURSIVE) itakupa idadi ya abiria wa majahazi yako, ambapo $safari ni orodha ya majahazi na kila jahazi lina orodha ya abiria wake. Haikupi! Inahesabu abiria, na majahazi, na kila kilichomo ndani yao.

Mimi nilikuwa na hesabu ya majahazi matatu hapa Lamu, kila moja watu 10, ya kupeleka wageni Manda Toto. Mwanzo arei (array, yaani orodha ndani ya programu) ya kila jahazi ilikuwa na majina tu, na jumla ikawa inazidi kwa 3 kila siku. Badala ya kujiuliza hao watatu ni nani, nikaandika - 3 mwisho wa mstari, nikaenda kula. Kumbe hao watatu ndio majahazi yenyewe! Aliyenifundisha kwa video alisema "hii huhesabu kila kitu", akaishia hapo. Hadi leo nina hasira naye. Sentensi moja zaidi ingeniokoa.

Ikaja wiki ya Maulidi, mji umefurika. Nikampa kila abiria arei yake, jina na simu. Basi mtu mmoja akawa anahesabiwa mara tatu: yeye, jina lake, simu yake. Walipofika 10, programu ikasoma 30 na kufunga: NAFASI ZIMEJAA. Asubuhi nahodha akanipigia: "Mwanangu, wageni wako gatini na pesa mkononi, wewe wasema tumejaa. Mbona naona mbao tupu?" Viti 20! Nilipofika wameshapanda chombo cha mwingine. Na asije mtu kuniambia ningejaribu kwanza. Nilijaribu, kwa majina matupu!

Hesabu kila jahazi peke yake, kisha jumlisha:

array_sum(array_map('count', $safari))

Hapo count haiingii ndani ya abiria, hata ukimwongezea kila mmoja namba ya pasipoti na chakula asichokula. Jahazi lisilo na mtu liwekee [], yaani arei tupu, usiliache null, yaani bila thamani yoyote. PHP 8 ikiambiwa count(null) hutupa TypeError, yaani kosa la aina ya data. Kabla ya 7.2 ilikuwa ikirudisha 0 kimya kimya.

Usiku huu weka jahazi moja na watu wawili, kila mmoja na jina na simu. Ukipata 2, pokea wageni. Ukipata 7, mwambie nahodha asing'oe nanga.