Kabuti la Babu, Soksi ya Tumboni na Buti la Mpira

Toleo lililopita lilibeba mazungumzo ya wastaafu wa jeshi wanaokutana jioni kwenye baraza ya kahawa ya Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani, ambao katikati ya kipupwe, badala ya kuulalamikia upepo wa kusi kama watu wengine wa Tanga, walianza kushindana ni nani kati yao aliyewahi kulala penye baridi kali zaidi. Barua zilizofuata zimezidi nafasi tuliyopewa. Nimechagua tano, na kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwamo barazani siku ile, wasomaji wanisamehe nikielemea upande wa wazee wenzangu.

SWALI: Shikamoo mzee. Baba yetu alipofariki tulifungua kasha lake la mvule, tukakuta kabuti zito la kaki iliyofifia, ambalo tunaambiwa babu mzaa baba alirudi nalo kutoka Habeshi, yaani Ethiopia, alikokwenda na Keya, jeshi la kikoloni la Waingereza. Tuliliweka kwenye mizani ya duka la jirani, likasoma kilo tatu na robo. Ndugu zangu wanacheka, wanasema mtu wa Tanga kuvaa kitu kile ni sawa na samaki kuvaa koti la mvua. Je, huko Habeshi kuna baridi ya kuhitaji nguo kama ile? Na tulitunzeje, maana nondo wameanza kulila kwenye ukosi?
Mjukuu wa askari, Makorora

JIBU: Marahaba, mwanangu, na poleni kwa msiba. Ndugu zako wasiharakishe kucheka. Keya ya Sita, ambayo katika King's African Rifles ndiyo iliyokuwa ya Tanganyika, ilipigana na Waitalia huko Habeshi mwaka 1941, na tarehe 19 Mei mwaka huo batalioni yake ya kwanza ilikuwa kwenye mto Billate, mahali paitwapo Colito, katika mapigano ambayo Sajini Nigel Leakey aliparamia vifaru vya adui kwa miguu yake na akatunukiwa Msalaba wa Victoria akiwa amekwisha kufa. Wazee wa Dar es Salaam watakumbuka kwamba kambi ya Lugalo zamani iliitwa Colito. Jina lilitoka huko huko. Vita vyenyewe viliishia Gondar, mji uliosalimu amri tarehe 27 Novemba 1941, nao uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, joto hupungua kwa nyuzi sita na nusu hivi, kwa hiyo askari aliyezoea hewa ya Makorora alikuwa amekwisha kupoteza nyuzi kumi na tatu kabla jua halijazama, na usiku usio na mawingu ulimpunguzia nyingine.

Hata hivyo, wazee waliokwenda huko, nilipokuwa kijana nikiwasikiliza, hawakuisema sana hewa ya mlimani. Walisema mvua na matope. Maji husafirisha joto kwa kasi ya takriban mara ishirini na tano kuliko hewa, na mtu aliyelowa hutetemeka kama kinda la ndege hata mahali ambapo aliyekauka angekaa na shati moja. Hapo ndipo uzito wa kabuti lenu unapojieleza. Sufu huweza kunywa unyevu unaokaribia thuluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kwamba imelowa, na hata ikilowa kabisa nyuzi zake hubaki zimejikunja na kushika hewa, ilhali shati la pamba likilowa hung'ang'ania mwilini na kuanza kukuibia joto. Kabuti lilikuwa koti mchana na blanketi usiku, na mwenye nalo alikubali kulibeba kwa kilomita nyingi akilitukana njia nzima.

Kuhusu ukweli wa hadithi ya familia, geuzeni bitana ya ndani mtafute muhuri wa mshale mfupi wenye mistari mitatu inayokutana kwenye ncha. Huo ulikuwa alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na mara nyingi karibu yake hupigwa mwaka wa kushonwa. Mkikuta mwaka wa baada ya 1941, ndugu zako watakuwa na haki ya kucheka nusu.

Ama nondo, msilifue kwa maji ya moto, kwa maana sufu itajikunja na kabuti litawatosha watoto. Lipigeni brashi kivulini siku ya kaskazi kavu, hasa chini ya ukosi na kwenye mikunjo ya mifuko, kwa kuwa mwenye kula si nondo anayeruka bali kiwavi wake anayejificha. Kisha lifungeni katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, mwombe mfanyabiashara wa samaki pale Deep Sea awape nafasi katika friza lake kwa wiki mbili, kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Baridi hiyo huua viwavi na mayai. Mkilitoa, msifungue mfuko mpaka joto lake lilingane na la chumbani, ili umande ushike nje ya plastiki na si kwenye sufu. Karafuu na majani ya mwarobaini yana harufu nzuri kashani, lakini msiyategemee. Na kabuti libaki kuwa la kutazamwa: sheria hairuhusu raia kuvaa sare za jeshi, na harusi za Tanga zina joto la kutosha.

SWALI: Ndugu mwenzangu, mimi ni mujibu wa zamani, nilipita Jeshi la Kujenga Taifa miaka ya sabini katika nyanda za juu. Nilipewa lindo mwezi wa Julai nikavaa soksi jozi tatu, vidole vikafa ganzi. Mwenzangu aliyevaa jozi moja alikuwa akipiga mluzi. Mpaka leo tukikutana ananicheka. Sababu ni nini?
Mstaafu, Muheza

JIBU: Ndugu yangu, mimi pia nilivaa tatu. Ilikuwa katika kambi moja ya Nyanda za Juu Kusini ambayo sitaitaja, kwa kuwa aliyetugawia buti pale stoo hakuuliza namba ya mguu. Alitazama kimo cha mtu akamrushia. Langu lilinibana hata kwa soksi moja. Jioni ile tulikuwa tumekimbia mchakamchaka, tukarudi tumelowa jasho, nami kwa ujanja wa mtu wa pwani nikaona nisizivue soksi zilizokwisha kupata joto la mguu, bali niongeze nyingine mbili juu yake. Nilisimama kwenye ghala la mahindi kuanzia saa sita usiku. Saa nane nilikuwa nikipiga miguu chini. Saa tisa niliacha kupiga, si kwa sababu nimepata nafuu, bali kwa sababu sikujua tena kama miguu inafika chini.

Koplo wa zamu alipopita, hakunikemea. Alinikalisha kwenye gunia, akafungua kamba za buti kwa sababu vidole vyangu vya mikono navyo vilikuwa vimegoma, akavua soksi zote tatu na kuikamua ile ya ndani mbele ya uso wangu. Matone yalidondoka. Kisha akaingiza mkono ndani ya shati lake, akatoa jozi moja ya soksi kavu alizokuwa amezilaza tumboni tangu jioni, akanivisha, akanifunga kamba kwa ulegevu kiasi cha kupitisha kidole, akaniamuru nitembee. Mchonyoto uliofuata, damu ilipoanza kurudi, ulinitoa machozi. Asubuhi majani ya kandokando ya ghala yalikuwa meupe kwa sakitu, na koplo yule akadai soksi zake.

Maelezo ni mepesi kuliko maumivu yake. Soksi haizalishi joto. Huzuia lile la mguu lisitoroke, na inalizuia kwa hewa iliyokaa kati ya nyuzi. Ukijaza soksi tatu katika buti la soksi moja, hewa yote inabanwa na kutoka, na mishipa ya damu inabanwa pamoja nayo, hata damu ya moto haifiki vidoleni. Ongeza jasho la mchakamchaka, na hapo umeufunga mguu wako katika kitambaa cha maji baridi. Majeshi yalilijua jambo hili kwa gharama kubwa katika mahandaki ya Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, ambako miguu ya askari ilivimba, ikabadilika rangi na kuoza bila kuganda hata siku moja, kwa sababu tu ilikaa ndani ya maji na matope mchana kutwa na usiku kucha. Dawa iliyopatikana ilikuwa amri: kila askari akague miguu yake, aikaushe na kubadilisha soksi kila siku, na ofisa ahakikishe. Rafiki yako mpiga mluzi, kwa bahati au kwa akili, alikuwa na miguu mikavu tu.

Kwa wanaosoma na kucheka, niongeze onyo moja. Mguu uliokufa ganzi usiuweke kwenye moto, kwa kuwa hautasikia unapoungua. Nilimwona mwenzetu aliyelala na malengelenge kwa wiki tatu kwa sababu hiyo. Vidole vilivyoganda hasa huhitaji hospitali, na hupashwa kwa maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, bila kusuguliwa.

SWALI: Mheshimiwa mwandishi, mwenzangu wa shuleni anadai kuwa Wamarekani waliopigana Korea walikuwa na buti za mpira zenye vali ya kutolea hewa kama tairi la baiskeli. Nimemwambia aache porojo. Nani ashinde?
Mwalimu, Chumbageni

JIBU: Mwalimu, msalimie mwenzako kwa heshima. Kwenye bwawa la Chosin, mwishoni mwa Novemba na mwanzoni mwa Desemba 1950, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi, mafuta ya bunduki yakawa mazito kama gundi, na matabibu wakalazimika kuweka vichupa vya mofini, dawa ya kutuliza maumivu, midomoni ili viyeyuke kabla ya kumchoma majeruhi. Askari wa Marekani walivaa buti za mpira chini na ngozi juu, zenye soli ya ndani ya sufu iliyoshindiliwa. Wakitembea, miguu ilitoa jasho, na mpira haukuliruhusu litoke. Wakisimama, jasho likaganda humo humo. Wachina waliokuwa upande wa pili, wengi wao wakiwa na viatu vya turubai, waliumia zaidi.

Ndipo likaja buti jeusi nene ambalo askari waliliita la Mickey Mouse kwa umbo lake. Lina tabaka mbili za mpira, na katikati yake sufu iliyofungiwa kabisa. Mguu unatoka jasho, soksi inalowa, lakini sufu ya katikati hailowi kamwe, na ndiyo inayotunza joto. Vali ipo kweli. Mtu akipanda ndege huifungua, la sivyo hewa iliyofungiwa hutanuka angani na buti likavimba. Baadaye lilitoka jeupe la baridi kali zaidi.

Buti hizo hazikuwa za Wamarekani peke yao. Ethiopia, nchi ile ile ambayo babu wa kijana wa Makorora aliiendea, ilipeleka Korea batalioni za Kagnew, za kwanza zikifika Mei 1951, na kwa zamu zake zilipita zaidi ya askari 3,000 waliopigana chini ya Divisheni ya Saba ya Marekani wakitumia vifaa vyake. Walipoteza watu 121, na hakuna hata mmoja aliyetekwa. Ningetoa nauli ya kwenda Addis Ababa kumsikiliza mzee mmoja wa Kagnew akieleza asubuhi yake ya kwanza ya theluji.

SWALI: Luteni Alexander Nyirenda alipoweka bendera na Mwenge juu ya Kilimanjaro usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, kilele kilipishana na Tanga kwa nyuzi ngapi?
Msomaji, Pongwe

JIBU: Kilele kina mita 5,895. Kwa hesabu ile ya nyuzi sita na nusu, ni nyuzi 38. Kama Ngamiani ilikuwa na nyuzi 26, juu kule ilikuwa kama 12 chini ya sifuri, bila kuhesabu upepo. Anayepanda usiku hutoka jasho njiani, na baridi humkamata anaposimama kupiga saluti.

SWALI: Mzee mmoja katika habari yenu alisema dawa ya baridi lindoni ilikuwa kikombe cha gongo. Ni kweli?
Msomaji, Raskazone

JIBU: Kwamba alikunywa, naamini. Pombe hufungua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, damu ya moto inatoka ndani kuja juu, mnywaji akajiona amekalia jiko, kumbe ni akiba ya kifuani inayopotelea hewani. Saa moja baadaye anakuwa na baridi kuliko aliyekataa, na akili ya kutambua hivyo amekwisha kuimwaga. Sisi tuliletewa chai ya rangi yenye sukari nyingi, katika vikombe vya bati ambavyo ilibidi tuvishike kwa pindo la shati. Kwa dakika mbili za kwanza vilichoma midomo. Kufika ya tano, ukibakiza chai, ilikuwa ya baridi.