Kebo ya zamani ikisoma vizuri kwenye mega usiiamini haraka

Nimefanya kazi ya kebo miaka mingi na kuna moja bado inaniuma, kebo ya umeme iliyofungwa karatasi zenye mafuta na kuvikwa ganda la risasi (ile metali laini), tuliipima kwa mega, mashine ya kupima ukinzani wa insulesheni yaani kizuia umeme cha kebo, dakika moja ikasoma vizuri tu tukaiwasha, wiki haikuisha ikapasuka. Kuikata tukakuta karatasi zimelowa, maji yalipita kwenye ufa mdogo wa risasi ambao hakuna aliyeuona.

Tangu hapo namba moja hainitoshi. Naandika ya dakika 1 na ya dakika 10, insulesheni kavu inazidi kupanda, yenye unyevu inagoma palepale, kwa hiyo ukigawa ya 10 kwa ya 1 ukapata kama 1 hivi shtuka. Ila futa kwanza ncha za kebo kwa kitambaa kikavu maana vumbi na umande vinadanganya sana, linganisha fezi zote tatu, na ukimaliza piga ethi, yaani iunganishe na ardhi, uiache muda mrefu kuliko uliopimia, kebo ndefu inashika chaji na inaua.

Kebo za XLPE, zenye insulesheni ya plastiki, ni habari nyingine. Maji huko yanatengeneza kama vimizizi ndani ya plastiki na mega inaweza isione kitu kabisa, hapo omba kipimo cha tan delta, kinachoonyesha umeme unaopotea ndani ya insulesheni, kwa 0.1 Hz (umeme unaobadilika polepole sana), volteji ipandishwe hatua kwa hatua, kama namba nayo inapanda na volteji basi insulesheni imechoka. Na tafadhali hiyo kebo kuukuu usiipige volteji kubwa ya DC (umeme usiogeuka mwelekeo, kama wa betri), unaweza kuiumiza zaidi.

Kwa kebo ya karatasi mimi naamini mafuta ya moto. Pasha mafuta ya kebo au nta mpaka kama nyuzi 130 hadi 150, hakikisha yenyewe hayatoi povu, vaa miwani, halafu chuna kipande cha karatasi kwa plaizi kavu na usikiguse kwa mkono kabisa, jasho lako tu linatosha kuharibu jibu. Tumbukiza. Ikitoa mapovu na kuchachatika kuna maji. Jaribu ya juu karibu na risasi na ya ndani karibu na waya, ya juu peke yake ikilia maji yametoboa ganda, ya ndani ikilia yametembea na waya toka mbali, hapo usiunge jointi hata kama bosi anakukimbiza, rudi nyuma ukate tena ujaribu tena mpaka karatasi zote zizame kimya.