Wiki tatu Unguja na Pemba: niliyoyapata, na niliyoyapoteza wiki ya kwanza

Ndugu mleta mada, umesema umepata nafasi ya kozi fupi ya Kiswahili Zanzibar, wiki tatu, nawe watoka Eldoret. Unauliza kama gharama inalipa, ulale hoteli au kwa watu, ubebe zawadi gani, na kama watakucheka kwa Kiswahili chako. Mimi nilikwenda Agosti 2023, nikiwa mwaka wa tatu wa ualimu. Nianze na hilo la mwisho: watakucheka. Mimi mzaliwa wa Mombasa, Kisauni, na walinicheka.

Nilikwenda na kiburi, sikatai. Sisi watu wa Mombasa tuna kidonda cha mwaka 1928, pale mkutano uliokaliwa kwetu wenyewe ulipochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, ukakiacha Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, na mashairi yake yote. Marehemu babu alikuwa akilisimulia jambo hilo kama lililotokea juzi, na yeye hata hakuwa amezaliwa. Basi nilipanda basi la Dar kupitia Lungalunga nikijiambia nakwenda kuwaonesha.

Wiki ya kwanza ilikuwa hasara tupu. Tulikuwa wanafunzi kumi na mmoja, tumelipia kukaa na familia, tukafikishwa nyumba ya wageni Mji Mkongwe kwa maelezo kwamba familia "hazijawa tayari". Mwalimu alikuja siku mbili kati ya tano. Jioni twatoka sote kumi na mmoja kwenda Forodhani, twapiga Sheng wenyewe kwa wenyewe, na wauza mishikaki wanatuitia "Jambo!" kama Wazungu. Mtu wa pwani kuitiwa "Jambo" ni msiba. Waliotuandalia safari siwataji. Ila wewe kabla hujatuma hata senti, taka kwa maandishi: masaa mangapi ya darasa kwa siku, nani anafundisha, na usiku wa kwanza unalala kwa nani. Si wote walio hivyo. Kuna watu Unguja kufundisha wageni Kiswahili ndiyo kazi yao tangu enzi za TAKILUKI, ile taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni, ambayo siku hizi imo ndani ya SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, na wiki ya pili tulimpata mwalimu mmoja mzee wa aina hiyo. Huyo alikuwa mwalimu. Asubuhi moja alituandikia ubaoni kunja na kunjua, ezeka na ezua, anika na anua, akasema vitenzi hivi vinafanya jambo halafu vinalitengua. Nikanakili, nikapiga mstari, nikaona nimeelewa.

Wiki ya tatu tukapelekwa Pemba. Agosti ni msimu wa kusi, upepo mkali wa kutoka kusini, na bahari kati ya Unguja na Pemba wakati huo haina adabu. Mhudumu wa boti alinipa kimfuko nikakidharau. Haikupita saa nikawa namwomba cha pili. Tulishuka Mkoani, tukapanda daladala hadi Wete, na hapo ndipo hatimaye kila mmoja akagawiwa nyumba yake. Yangu ilikuwa ya bibi mmoja mjane na wajukuu watano. Msimu wa karafuu ulikuwa umeanza, na mtu asiyefika Pemba msimu huo hawezi kunielewa nikisema hata chai ya asubuhi ilikuwa na harufu ya karafuu.

Mambo yanakwenda hivi. Wachumaji wanarudi jioni na mapakacha na mapolo, karafuu bado zimo kwenye vishada vyake, mbichi, nyingine kijani, nyingine zimeanza wekundu kwenye shingo. Zinapimwa kwa pishi na kila mtu analipwa alichochuma. Baada ya chakula cha usiku jamvi linatandikwa, na hapo nyumba nzima inakaa kuchambua: unashika kishada kwa mkono mmoja, unakisukuma kwenye kiganja cha mkono wa pili na kukizungusha kidogo, karafuu zinaanguka huku na makonyo, vile vijiti vya kishada, unayatupa kule. Makonyo nayo ni mali, yana kiwanda chake Chake Chake, yanakamuliwa mafuta. Mimi nilikuwa napiga piga tu, mikono ikawasha mpaka alfajiri. Bibi akanitazama weee, akasema, "Mwanangu, karafuu haipigwi makofi." Mjukuu wake wa miaka saba alikuwa ameshamaliza fungu lake na ananisaidia langu.

Masomo yangu yote ya Kiswahili yalikuwa hapo kwenye jamvi. Nani anaolewa, nani kakataa posa, kwa nini daladala ya fulani haipandwi na jamaa wa fulani. Nusu ya maneno yalinipita. Wakiongea na mimi wanaongea polepole, Kiswahili cha redioni. Wakigeukiana wao ni Kipemba, na hapo nilikuwa mgeni kama Mholanzi.

Siku ya tatu, mchana, karafuu zimeanikwa uwanjani kwenye majamvi, wingu likaja ghafla. Bibi akapiga ukelele kutoka jikoni: "Anua! Anueni!" Nikafurahi, kitenzi nakijua, nimekipigia mstari. Nikatimka mbio mpaka kwenye kamba nikaanua nguo zote, shuka na baibui la bibi, nikasimama barazani nimezikumbatia. Nageuka naona watoto watano wanakunja majamvi peke yao na matone yameshaanza. Karafuu ikirowa rangi inaharibika, na ukiipeleka kituo cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, ambako ndiko ilikouzwa kisheria, inashushwa daraja. Siku nne za jua zinaingia maji kwa dakika tano. Bibi hakunigombeza. Alisema tu, "Nguo kukauka kesho kungekuwa na nini, baba?" Jina langu mtaani likawa Mwanua Nguo.

Kwa hiyo jibu langu: kaa kwa watu. Hoteli ukilipa hata nusu bei umeibiwa. Na muombe aliyekuandalia asiwaweke Wakenya wawili nyumba moja. Wasichana wachukue mtandio na magauni marefu, wavulana kaptula wazivae pwani tu. Mengine utayaona.

Zawadi. Nilimwambia bibi siku niliyofika, "Nimekuletea leso kutoka Mombasa." Akashukuru kwa upole, akaweka mfuko juu ya kabati bila kuufungua. Kwao leso ni kile kitambaa cha kufutia kamasi. Siku ya nne mjukuu akaufungua, ikatoka doti nzima ya kanga, bibi akacheka hadi akakaa chini. Kisha akavaa miwani, akatafuta jina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga. Hasidi hana sababu. Akanitazama juu ya miwani. "Hii umenichagulia wewe?" Nikamwambia ukweli, nilitazama rangi tu. Akaikunja, akaitia kabatini, nikajua nimeharibu. Ijumaa kulikuwa na harusi mtaa wa pili. Bibi akatoka ameivaa, imenyooshwa pasi, na badala ya kukata njia ya mkato akazunguka kwa juu, taratibu, akapita mbele ya nyumba moja yenye mlango wa buluu, akasimama pale kurekebisha kiatu.