Barua za Ndugu Hazihesabiki Kama Malalamiko ya Mfungwa

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu anatumikia kifungo katika gereza la serikali ya shirikisho huku Marekani. Ana kisukari, na tangu ahamishiwe hapo sindano zake za insulini hucheleweshwa, na kidonda cha mguuni hakisafishwi. Nimemwandikia mkuu wa gereza barua mbili bila kujibiwa. Wakili amekataa kufungua kesi, akisema mdogo wangu hajamaliza ngazi za malalamiko. Je, barua zangu hazitoshi? – Dada mtu, Dallas.

JIBU: Dada yetu, pole sana. Barua zako hazitoshi, na wakili amekueleza ukweli. Sheria iliyopitishwa na Kongresi mwaka 1996 inamzuia mfungwa kufungua kesi ya shirikisho kuhusu hali ya gereza mpaka amalize njia zote za malalamiko zilizopo humo. Katika kesi ya Booth dhidi ya Churner ya mwaka 2001, Mahakama ya Juu iliamua kwamba ni lazima azimalize hata kama anadai fidia ya fedha ambayo gereza halina uwezo wa kuitoa. Na mwaka 2006, katika kesi ya Woodford dhidi ya Ngo, ikaamua kwamba malalamiko yaliyowasilishwa nje ya muda hayamfungulii mlango wa mahakama. Kwa maoni yangu huu ni ukali uliopita kiasi, kwa sababu mzigo wa kuhesabu siku anatwishwa mgonjwa aliye nyuma ya kufuli.

Katika magereza ya shirikisho, mdogo wako huanza kwa kujaribu kusuluhisha jambo na watumishi, kisha hujaza fomu ya BP-9 kwa mkuu wa gereza. Hayo yote mawili yakamilike ndani ya siku 20 tangu tukio. Akikataliwa, hukata rufaa kwa mkurugenzi wa kanda kwa BP-10 ndani ya siku 20, halafu kwa BP-11 kwa mwanasheria mkuu wa idara hiyo ya magereza ndani ya siku 30. Hapa ndipo wengi huanguka: siku za rufaa huhesabiwa tangu jibu liliposainiwa, si tangu lilipomfikia mfungwa. Muda wa kujibu ukipita kimya, anaruhusiwa kuuchukulia ukimya huo kuwa ni kukataliwa na kupanda ngazi inayofuata.

Wewe unaweza kumsaidia kuandaa maelezo, lakini kanuni hazimruhusu mtu mwingine kuwasilisha fomu kwa niaba yake. Kama Kiingereza chake ni kidogo, mkuu wa gereza ana wajibu wa kuhakikisha anapata msaada. Maelezo yawe mafupi, kwa kuwa fomu hubeba lalamiko moja, au machache yanayohusiana kwa karibu, pamoja na ukurasa mmoja tu wa nyongeza.

Sheria inadai amalize njia ambazo kweli zipo wazi kwake. Mwaka 2016, katika kesi ya Ross dhidi ya Blake, Mahakama ya Juu ilisema njia haihesabiki kuwa ipo ikiwa maofisa wanamzuia mfungwa kwa hila, udanganyifu au vitisho. Kwa hiyo akinyimwa fomu, aandike siku hiyo hiyo tarehe, saa na jina la ofisa, na akutumie nakala.

Asikate tamaa kwa kuwa miezi imepita. Kila sindano inayocheleweshwa leo ni tukio la leo. Ajaze BP-9 sasa, ataje tarehe za karibuni na aeleze kwamba tatizo linaendelea. Zaidi ya hapo, aandike waziwazi kwamba ni dharura inayotishia afya yake, kwani likikubaliwa kuwa hivyo, mkuu wa gereza anatakiwa kujibu kabla ya siku ya tatu kuisha.