Anza Star Wars na ya 1977, si ya 1999

Habari ndugu. Umesema ulianza na filamu ya 1999 kwa kuwa ndiyo sehemu ya kwanza kwa hesabu, ukachoka, na huelewi watu wanaipendea nini Star Wars, mfululizo huu wa filamu za vita vya angani. Kwanza angalia mwaka wa kutoka, achana na namba ya sehemu. Anza na ya 1977, kisha 1980, halafu 1983. Mimi nilianza kama wewe nikajiharibia: siri kubwa ya Darth Vader, yule adui mwenye barakoa nyeusi, inafichuliwa kwenye ile ya 1980, nami nilikuwa naijua tayari. Tazama pia vyombo vya angani wanavyosafiria: vimechakaa, vinaharibika njiani, kimoja hupigwa ngumi ndipo taa ziwake. Kwangu hapo ndipo ulimwengu ule unapoaminika. Na muziki wa filamu hizo, uliotungwa na John Williams, tafadhali usiusikilize kwa spika ya simu! Za 2015 na kuendelea sijazimaliza.